Somo la Redio: Msumeno wa Mnyororo na Namna ya Kuangusha Mti kwa Usalama

Akina mama na akina baba mlioko madarasani huko Masasi, Newala na vijiji vyote vya uwanda wa Makonde, karibuni katika somo letu. Natumaini mmekwisha kaa, madaftari yamefunguliwa, na kalamu ziko tayari. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: MSUMENO, MNYORORO, BAWABA, KABARI, KIBALI. Tutayatumia leo, na mwisho wa somo kila mtu ataweza kuyasoma na kueleza maana yake.

Somo la leo lahusu kukata miti kwa msumeno wa mnyororo, yaani ule msumeno wenye injini ndogo ya petroli ambao watu wengi huuita chenso. Tutajifunza mambo mawili. Kwanza, namna ya kuchagua msumeno unaofaa. Pili, namna ya kuangusha mti bila kumwumiza mtu.

Kwa nini tufundishane jambo hili?

Huenda mmoja wenu anasema, "Mimi si mpasua mbao, mimi ni mkulima wa korosho. Msumeno wanihusu nini?" Basi na tutazame mashamba yetu.

Mikorosho mingi ya Masasi na Newala ilipandwa na wazee wetu zamani. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka kusini. Baadaye mavuno yakaanguka sana. Msimu wa 1986/87 hayakufika tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi. Watu walipohamia katika vijiji miaka ya 1970, mashamba mengi yaliachwa mbali yakawa pori. Ugonjwa wa ubwiri unga ukashambulia maua. Na miti ilikuwa imesongamana mno. Matawi yakafungamana, jua na upepo visipate njia.

Mabwana shamba na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, walifundisha njia za kuponya mashamba hayo. Moja ni kupulizia dawa ya salfa. Nyingine ni kupunguza miti, ili kila mkorosho upate nafasi ya mita 12 hivi toka mwenziwe. Nyingine tena ni kukata mkorosho mzee usiozaa, kuacha kisiki kichipue, kisha kupachika juu ya machipukizi hayo vikonyo vya mkorosho wa mbegu bora.

Mmeona sasa? Kazi hizi mbili, kupunguza na kufufua, zahitaji kukata miti mingi minene. Zamani tulitumia shoka na msumeno wa watu wawili. Leo wengi hukodi kijana mwenye msumeno wa injini, naye humaliza kwa asubuhi moja kazi ya siku nyingi. Hiyo ni faida kubwa. Lakini kitu kinachokata gogo la mkorosho kwa dakika moja hakishindwi na mguu wa mtu.

Wazee wanasema, mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Ndivyo ilivyo katika nyumba ambayo baba amelazwa hospitali wakati wa kuokota korosho. Watoto hawana ada ya shule, mama anafanya kazi ya watu wawili, na mavuno yanaoza chini ya miti. Kwa hiyo jambo hili lahusu kila nyumba yenye shamba.

Msumeno huu ulitoka wapi?

Mwaka 1926 Mjerumani mmoja, Andreas Stihl, alitengeneza msumeno wa mnyororo uliotumia umeme. Ulikuwa na uzito wa kilo 48 hivi, karibu sawa na nusu gunia la mahindi, na watu wawili waliushika. Baadaye zikaja injini za petroli, na misumeno ikawa myepesi mwaka hata mwaka, mpaka mtu mmoja akaweza kuubeba peke yake.

Lakini meno ya minyororo ya kwanza yalisumbua. Yalikuwa kama meno ya msumeno wa mkono, yalichakaa upesi. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Oregon huko Marekani, Joseph Cox, alikuwa akipasua kuni. Akamwona funza wa mende akila ndani ya gogo. Funza yule alikula mti kwa urefu na kwa upana bila shida, kwa sababu taya zake mbili zilikata kulia na kushoto kwa zamu. Cox akaiga taya za funza akatengeneza jino jipya la mnyororo, na mwaka uliofuata akaanza kuliuza. Mpaka leo jino la msumeno, ukilitazama karibu, lina umbo hilo: moja laelekea kulia, linalofuata kushoto. Mwenye akili hujifunza hata kwa mdudu.

Kuchagua msumeno

Sasa tuje kwenye ununuzi. Kabla hujatoa fedha, jiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: kazi yangu ni ipi? Anayekata mikorosho na miti ya kuni hahitaji msumeno mkubwa. Injini ya sentimita za ujazo 40 mpaka 50, ambazo mafundi huziita sisi 40 mpaka 50, yatosha. Ubapa wake, yaani ile sehemu ndefu ya chuma ambayo mnyororo huizunguka, uwe na urefu wa sentimita 38 mpaka 45. Anayefanya kazi msituni, akakata mninga, mkongo au mvule kwa kibali, ahitaji injini ya sisi 60 au 70, na ubapa wa sentimita 50 au zaidi kidogo. Mpingo nao si mti wa mchezo. Mbao yake ni nzito hata ikitiwa majini huzama, nayo hula meno ya msumeno upesi. Kwa mti kama huo tupa ya kunolea haina budi kuwa mfukoni siku zote.

Wengine hufikiri msumeno mkubwa ndio bora kwa kila kazi. Sivyo. Msumeno mkubwa ni mzito. Mikono ikichoka huanza kutetemeka, na mkono unaotetemeka huleta ajali. Msumeno mdogo nao ukilazimishwa kukata gogo nene huchemka ukaharibika. Chagua unaofaa kazi unayoifanya siku nyingi, wala si kazi ya siku moja kwa mwaka.

Swali la pili: je, una vilinda usalama vyote? Siku ya kununua, mwambie mwenye duka akuonyeshe vitu hivi, kimoja kimoja:

1. Breki ya mnyororo. Ni ile ngao iliyo mbele ya mkono wa kushoto. Ikisukumwa mbele, mnyororo husimama mara moja.
2. Kifungo cha usalama kwenye mshiko wa nyuma. Bila kukibana kwa kiganja, mafuta hayavutiki.
3. Kizuizi cha mnyororo, kipande kidogo chini ya ubapa, ambacho huudaka mnyororo ukikatika.
4. Kilinda mkono wa kulia, sehemu pana chini ya mshiko wa nyuma.
5. Mipira au springi za kupunguza mtetemo kati ya injini na mishiko.
6. Swichi ya kuzimia, ambayo kidole gumba huifikia bila kuachia mshiko.

Kimoja kikikosekana, usinunue, hata bei ikiwa nusu. Katika masoko yetu kuna misumeno iliyobandikwa majina ya watengenezaji wakubwa, kumbe si yao. Rangi ni ile ile, lakini breki haishiki. Ukiambiwa, "Breki haina kazi, mafundi wote huing'oa," jua kwamba huyo hakutakii mema.

Swali la tatu: ukiharibika, nani atautengeneza? Msumeno usio na vipuri Masasi wala Mtwara utakuwa chuma cha kukalia. Uliza kwanza kama minyororo, plagi na vichujio vyake vyapatikana, na kama yuko fundi anayeufahamu.

Na kuna swali la nne ambalo wengi hulisahau: je, nahitaji kununua kweli? Mwenye mikorosho kumi ya kukata, heri akodi mtu aliyefundishwa. Au wanachama wa chama cha msingi wakubaliane, wanunue msumeno mmoja mzuri pamoja na mavazi yake, wamchague mwenzao mmoja apelekwe kujifunza. Mafunzo ya kazi za misitu yako katika vyuo kama kile cha Olmotonyi, Arusha, na kile cha viwanda vya misitu, Moshi. Afisa misitu wa wilaya ataeleza njia ya kuyapata.

Mavazi ya kazi

Mtu aliyevaa kandambili na kaptura hafai kushika msumeno. Tuanze juu twende chini.

Kichwani, kofia ngumu, maana matawi makavu huanguka bila kubisha hodi. Usoni, wavu au miwani ya kuzuia vumbi la mbao. Masikioni, vizibo. Sauti ya msumeno hupita desibeli 100, na sikio la mtu huanza kuumia katika kiwango cha 85 akiisikia kutwa nzima. Uziwi huo haupoi. Mikononi, glavu. Miguuni, buti ngumu zenye chuma vidoleni.

Vazi kubwa kuliko yote ni suruali ya kinga. Ndani yake mna tabaka za nyuzi ndefu. Mnyororo ukigusa suruali, nyuzi hizo huvutwa nje, zikazonga gurudumu linalouzungusha mnyororo, msumeno ukasimama. Kitambaa cha kawaida, hata kikiwa kizito kama turubai, hakifanyi hivyo.

Ni nani atakayenunua mavazi haya? Ukimwajiri mtu, kumlinda ni wajibu wako. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Na kijana aliye chini ya miaka 18 asipewe kazi hii kabisa, hata akiwa na nguvu za simba.

Petroli, oili na tupa: hesabu kidogo

Injini ya msumeno hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Soma kitabu cha msumeno wako, maana hapa ndipo kujua kusoma kunapookoa mali. Kikisema 1 kwa 50, maana yake sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Haya, tufanye hesabu. Lita 5 za petroli ni mililita 5,000. Gawanya kwa 50. Mmepata ngapi? Naam, mililita 100 za oili. Kikisema 1 kwa 25, gawanya kwa 25, utapata mililita 200. Anayekadiria kwa macho huua injini yake mwenyewe.

Kuna tangi la pili, la oili ya kulainisha mnyororo. Usitie humo oili chafu iliyomwagwa kutoka gari. Mnyororo huirusha hewani kama ukungu, ikaingia mapafuni na kwenye ngozi, nayo ina sumu.

Jaza mafuta injini ikiwa imezimwa na imepoa. Kisha sogea hatua nne au tano kabla ya kuiwasha tena. Wakati wa kiangazi nyasi za kwetu ni kavu kama karatasi, na cheche moja yaweza kuteketeza mikorosho ya kijiji.

Wakati wa kuwasha, weka msumeno chini, breki imefungwa, kanyaga mshiko wa nyuma kwa buti, shika mshiko wa mbele kwa mkono wa kushoto, ndipo uvute kamba. Usiwashe huku umeuning'iniza hewani.

Tena noa meno. Utajuaje kwamba meno ni butu? Tazama kinachotoka. Msumeno mkali hutoa vipande vidogo kama chenga za mhogo. Msumeno butu hutoa unga kama wa kinu, nao humlazimisha mtu kuukandamiza. Basi simama, zima injini, toa tupa ya mviringo, noa kila jino kwa idadi ile ile ya mikwaruzo.

Teke la msumeno

Jambo hili lisikilizeni kwa makini. Mnyororo hukimbia mita 20 na zaidi kwa sekunde. Mwalimu akipenda, afanye hesabu ubaoni: ni kama kilomita 72 kwa saa, mwendo wa basi katika barabara ya Mtwara na Masasi. Ncha ya ubapa, upande wake wa juu, ikigusa tawi au gogo jingine, meno hayakati. Hukwama, na msumeno wote huruka juu na nyuma kumwelekea aliyeushika, usoni au shingoni. Hilo ndilo teke. Huja kwa kufumba na kufumbua, kabla mtu hajawahi kukwepa.

Namna ya kujikinga ni hizi. Shika kwa mikono miwili daima, wa kulia nyuma na wa kushoto mbele, kidole gumba kikiuzunguka mshiko. Usikate kwa ncha. Usiinue msumeno kupita mabega. Usipande ngazi wala mti ukiwa na msumeno unaonguruma. Simama kando kidogo ya msumeno, ili ukiruka usikukute kichwani. Na breki, kila asubuhi, ijaribiwe kabla ya kazi.

Kuangusha mti, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza: utazame mti. Uzunguke wote. Umeinamia wapi? Matawi mengi yako upande gani? Upepo unatoka wapi? Upepo ukiwa mkali, acha kazi mpaka siku nyingine. Je, kuna tawi kavu juu? Kuna mizinga ya nyuki? Kuna mtambaa uliofunga mti huu na mti jirani? Mtambaa huo waweza kuvuta tawi la mti mwingine likakuangukia. Gonga shina kwa kisogo cha shoka. Likilia kama ngoma, ndani mna tundu, na mti wenye tundu hauamini mtu. Mwachie aliye hodari zaidi.

Hatua ya pili: pima urefu wa mti. Chukua kijiti. Nyosha mkono mbele, ukishike wima, ili sehemu iliyo juu ya ngumi iwe sawa na umbali kati ya jicho lako na ngumi. Rudi nyuma polepole mpaka ncha ya kijiti ilingane na kilele cha mti, na ngumi ilingane na mguu wa mti. Hapo uliposimama, umbali toka mtini ni karibu sawa na urefu wa mti. Sasa zidisha kwa 2. Mti ukiwa mita 15, asiwepo mtu wala mbuzi ndani ya mita 30, ila mkataji. Weka mtu wa kuzuia njia, maana watoto hupenda kuja kutazama.

Hatua ya tatu: safisha njia ya kukimbilia. Ukijua mti utaanguka mbele, njia yako iwe nyuma na kwa upande, kuelekea kona. Usikimbilie nyuma moja kwa moja, kwa kuwa shina laweza kuruka nyuma likakupiga kifuani. Fyeka vichaka na ondoa magogo kabla ya kuanza kukata.

Hatua ya nne: mkato wa mbele. Upande ule unakotaka mti uangukie, kata kwanza kwa mshazari kutoka juu, kisha kata chini kwa ulalo mpaka mikato miwili ikutane sawasawa. Kipande kama cha tikiti maji kitatoka. Kina chake kiwe robo ya unene wa mti, au pungufu kidogo.

Hatua ya tano: mkato wa nyuma. Zunguka, ukate kwa ulalo toka nyuma, juu kidogo ya usawa wa ule mkato wa mbele, vidole viwili au vitatu. Lakini usikate mpaka mwisho! Acha katikati ukanda wa mti usiokatwa. Ukanda huu ndio BAWABA. Kama bawaba ya mlango inavyouongoza mlango, hiyo huuongoza mti uanguke polepole mahali ulipochagua. Mti uliokatwa bawaba yake hauna mwongozo. Huanguka utakako wenyewe.

Bawaba iwe na unene gani? Sehemu moja ya kumi ya unene wa mti. Tuseme mti una unene wa sentimita 40. Mkato wa mbele, robo, ni sentimita 10. Bawaba ni sentimita 4. Basi mkato wa nyuma utaingia sentimita ngapi? 40 toa 10 toa 4. Jibu: sentimita 26.

Hatua ya sita: kabari. Mkato wa nyuma ukiingia vya kutosha, gongea humo kabari ya plastiki au ya mti mgumu, ili mti usikae ukabana msumeno. Kabari ya chuma isitumike, maana ikigusana na mnyororo meno huvunjika yakaruka. Mti ukianza kulia na kuinama, funga breki, ondoka kwa njia uliyoisafisha, macho yakitazama juu. Matawi huendelea kuanguka hata baada ya mti kulala.

Mti ulioning'inia

Pengine mti hauanguki chini, bali hukwama juu ya mti mwingine. Huu ni mtego wenyewe. Usipite chini yake. Usikate mti ulioushika. Usiupande kuutikisa. Usiangushe mti mwingine juu yake. Weka alama, zuia watu, kisha uvutwe kwa kamba ndefu au uviringishwe kwa nyenzo na watu wanaosimama mbali na mahali utakapoangukia. Usiuache hivyo ukaenda kula chakula cha mchana, maana mchunga mbuzi hajui habari zake.

Habari za mkorosho

Mkorosho hauna umbo la mti wa msituni. Ni mfupi, mpana, na matawi yake hulala mpaka chini. Kwa hiyo anza na matawi, toka nje kuingia ndani. Tawi lililolala juu ya ardhi limejipinda kama upinde wa mshale. Upande mmoja umebanwa, upande mwingine umevutwa. Ukikata mara moja upande uliovutwa, tawi litapasuka na kukurukia. Kata kidogo kwanza upande uliobanwa, kisha malizia upande uliovutwa, ukisimama kando.

Mkorosho uliokauka kwa ugonjwa wa mnyauko huwa na matawi ya kuvunjika ovyo, na mizizi yake huenda imeoza. Huo usisimame chini yake muda mrefu.

Kama kisiki ni cha kuchipuza, mwulize bwana shamba urefu wake na majira ya kukata, na mkato ulale kidogo ili maji ya mvua yasituame juu.

Jambo moja kwa mwenye shamba. Usimlipe mkataji kwa idadi ya miti. Anayehesabiwa miti hukimbia, hasimami kunoa wala kupumzika. Mlipe kwa siku. Kawia ufike.

Kibali kwanza

Miti ya msituni ina sheria. Sheria ya Misitu namba 14 ya mwaka 2002 yataka kibali kwa uvunaji. Kabla ya kugusa mpingo, mninga au mkongo, nenda kwa serikali ya kijiji, kisha kwa afisa misitu wa Wakala wa Huduma za Misitu. Uliza pia habari za kuandikisha msumeno wenyewe. Mwaka 1980 masomo ya redio nchini yalikuwa na jina Misitu ni Mali. Maneno hayo ni ya kweli hata sasa. Wachongaji wa Kimakonde wamepata sifa duniani kwa mpingo, na mpingo hukua polepole sana. Anayekata leo mti mdogo amemnyima mjukuu wake patasi.

Ajali ikitokea

Mkataji asiende peke yake kamwe. Awepo mwenzake anayeweza kusikia akiitwa, na wawe na kitambaa safi, bandeji na simu yenye chaji.

Mtu akikatwa, zima msumeno. Mlaze chini. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia kuchungulia. Ikiwa damu ya mguu au mkono yaruka na haizuiliki, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa kuelekea mwilini, mbali na kiungo cha goti au kiwiko. Kaza kwa kijiti mpaka damu isimame. Andika saa uliyofunga, wala usifungue njiani. Usitie majivu, unga wala majani. Kisha upesi hospitali: Mkomaindo kwa walio Masasi, Ndanda kwa walio bondeni, au hospitali ya wilaya kwa walio Newala. Gari la kumbeba lijulikane kabla ya kazi kuanza, lisitafutwe damu ikimwagika.

Maswali ya darasa

Ndugu wasikilizaji, tumefika mwisho. Jadilianeni maswali haya, kisha kila mtu aandike majibu katika daftari lake.

1. Taja vilinda usalama vinne vya msumeno wa mnyororo.
2. Petroli ni lita 10, na kitabu chasema 1 kwa 50. Utatia oili mililita ngapi?
3. Mti una unene wa sentimita 60. Bawaba yake iwe sentimita ngapi?
4. Kwa nini haifai kukimbilia nyuma moja kwa moja mti unapoanguka?
5. Katika kijiji chenu, ni nani wanaokata miti kwa msumeno? Wana mavazi gani? Darasa lenu laweza kuwasaidiaje?

Swali la tano ndilo kubwa. Msiliache juu ya karatasi. Kesho mkimwona kijana anakata mti akiwa na kandambili, msipite tu. Msalimieni, mngojeni azime injini, mwambieni mliyojifunza.

Haya, kwaherini, na kazi njema.